Nani Apewe Nyumba ya Mnara?

Kaeni. Leo sitaki utani, maana kila nikisimulia kisa hiki damu inanichemka.

Ras Mkoko kuna mnara wa taa wa zamani, na juu yake lenzi kubwa ya kioo, inampita mtu kwa kimo. Mchana hufunikwa pazia, kwa sababu jua likipita humo linachoma. Hata mtoto wa pale anajua.

Majirani watatu walikuwepo: Bi Mize mwenye pua kali, Faki mwenye nguvu, na Time, mwanamke asiyepaparika. Bahari ilikuwa imezoa nyumba zao. Walilala darasani na watoto wao, wakisubiri kutolewa shule ikifunguliwa.

Akaja mkubwa mmoja kutoka mjini. Akafungua pazia apigwe picha, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni, huyoo, kwenda kula pilau. Pazia kaliacha wazi!

Bi Mize alikuwa anakuna nazi. Akanusa. "Mbao zinaungua mnarani!" Wakamcheka, moshi wenyewe hauonekani. Akapiga kelele mpaka wakatoka.

Faki akaupiga mlango kwa bega mpaka ukang'oka. Bega nalo likateguka. Mkono hauinuki tena.

Juu, sakafu inawaka, watu na ndoo zao za maji. Time akawazuia: "Wee! Kioo kimepata moto, mkikimwagia kitapasuka!" Akavua kanga aliyojitanda, akafunika lenzi, kisha akazima moto kwa mchanga wa ndoo iliyowekwa pale.

Lenzi ikapona. Mkubwa akarudi anajipangusa mdomo. "Nyumba ya mlinzi wa mnara iko tupu. Nitampa mmoja, yule aliyeiokoa taa."

"Bila mimi mngekuta majivu," akasema Bi Mize.

"Bi Mize, pua yako ingevunja mlango?" akauliza Faki.

"Na wewe kaka Faki," Time akadakia, "ungeingia ukaipasua kwa maji."

Watu waliokula sinia moja, sasa hawaamkiani! Na aliyeleta moto ndiye kakalia kiti, anaamua. Hilo ndilo linaloniuma.

Msiniambie wagawane, chumba ni kimoja. Wala msiniambie mkubwa aadhibiwe. Najua, lakini hilo halimlazi mtoto. Shule inafunguliwa kesho, na familia mbili zitalala nje. Haya, nyinyi wenye midomo, semeni: ufunguo mngempa nani, na wale wawili mngewatazamaje usoni?