Wosia wa Marehemu Kidato cha Nne

Usirithishe ndoo na kiu ungali nayo. Jana matroni aliwaambia maneno haya mkiwa kwenye mazoezi ya igizo lenu la mahafali, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Yametoka hapa hapa kwetu Upareni, kwenye shule hiyo hiyo mnayosoma. Methali hii ilianza hivi, nami nawaandikia kabisa, maana nikisema kwa mdomo mtasema mama ameanza tena.

Enzi hizo shule ilikuwa ndogo, darasa moja kwa kila kidato. Mwalimu mkuu akipiga chafya ofisini, hata wa dawati la nyuma kabisa walimwambia afya. Na desturi ilikuwa kama ya leo: mahafali ni Oktoba, mtihani ni Novemba. Watu wanaagwa, wanakula pilau, wanapigwa picha na mgeni rasmi, halafu kesho yake asubuhi wako kwenye foleni ya uji kama kawaida. Hicho kipande cha mwisho ndicho vijana husahau.

Mwaka huo kulikuwa na kijana wa kidato cha nne, Senkondo. Mcheshi, na darasani alikuwa na kichwa chepesi. Kwao hakuna aliyewahi kufika kidato cha nne. Mama yake, mjane wa kijiji cha mbali, alikuwa akilima vibarua vya tangawizi huku macho yake yote yako kwenye ule mtihani.

Siku ya mahafali Senkondo alipewa kusoma risala. Akasimama, akakunjua karatasi, akakohoa kama mzee wa ukoo.

"Hii si risala," akasema. "Huu ni wosia. Mimi, marehemu Kidato cha Nne, nikiwa na akili timamu isipokuwa kwenye hesabu, narithisha mali yangu hivi. Maharage ya shule, pamoja na wakazi wake wote, nawaachia kidato cha kwanza. Fimbo ya mwalimu wa zamu, ambayo imenijua kuliko mama yangu, naiacha kwa kidato cha pili. Na ndoo zetu tunawapa kidato cha tatu, kwa sababu maji ya kilima hiki hatutayanywa tena."

Watu walicheka, mgeni rasmi akafuta machozi kwa leso. Ngoma ikalia, na kidato cha nne wakapita mstari mmoja, kila mtu na ndoo yake, wakawakabidhi wadogo zao. Senkondo akampa ya kwake, ya bluu yenye mfuniko, binti mmoja wa kidato cha tatu aitwaye Nakunda. Akampigia na magoti.

Sasa sikilizeni. Pale bwenini ndoo si ndoo tu. Matroni alikuwa akichemsha maji kwenye sufuria kubwa, na kila asubuhi anamchotea kila mmoja kwenye ndoo yake maji ya kunywa ya siku nzima. Huna ndoo, huna maji. Na Oktoba mnaijua, vuli haijaja, chemchemi inadondosha kama pua ya mtoto mwenye mafua.

Asubuhi ya kwanza baada ya mahafali, kidato cha nne wakafika kwenye sufuria mikono mitupu. Kidato cha tatu walikuwa wameshajipanga.

"Jamani, marehemu wanatembea," mmoja akasema.

"Wamekuja kuwanga mchana kweupe," akadakia mwingine.

Ikawa kicheko. Baadaye wenzake Senkondo wakameza aibu, mmoja mmoja wakaenda pembeni kuomba ndoo zao, wakapewa. Wengine wakaletewa nyingine kutoka nyumbani. Senkondo hakuomba. Angeombaje, na mdomo uliosoma wosia ni wa kwake? Walipomtania alicheka nao, tena kuwashinda. Kiu ikimbana, alishuka chini kwenye mfereji wa mashambani, akanywa kwa viganja pale wanaponywea mbuzi.

Wanangu, tumbo halijui utani. Wiki ya mtihani ilipokaribia lilimvuruga, homa ikapanda, macho yakaingia ndani. Mganga wa zahanati alimpa dawa, akamwambia anywe maji safi kwa wingi, la sivyo mtihani ataufanya mwakani. Mama yake aliitwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha mwanawe, kwenye chumba cha wagonjwa cha shule, amemshika mguu.

Matroni akauliza, "Ndoo yako iko wapi nikuchotee?"

Senkondo akageukia ukutani.

Kumbe Nakunda alikuwa mlangoni na wenzake, wamekuja kumjulia hali. Akaondoka, akarudi na ile ndoo ya bluu imejaa, akaitua karibu na kitanda.

"Dada, hiyo ni yako," Senkondo akasema kwa sauti ndogo. "Nilikupa mbele za watu."

"Ni yangu, sikurudishii," Nakunda akamjibu. "Lakini maji hayakuandikwa kwenye wosia. Kunywa."

Kisha Senkondo akasema neno ambalo lilimshinda tangu mahafali: "Naomba, dada. Nina kiu."

Akanywa. Kuanzia hapo Nakunda akawa anachotewa mara mbili, matroni akijifanya haoni. Siku ya mtihani wa kwanza Senkondo aliingia ukumbini ameshikwa mkono, miguu inatetemeka kama ya ndama, lakini aliingia. Na aliufanya mpaka mwisho.

Walipomaliza karatasi ya mwisho, kidato cha tatu wakamzunguka uwanjani. "Bro, marehemu hana wosia mwingine?"

Akapanda juu ya jiwe lililo chini ya kengele ya shule. "Upo, mfupi," akasema. "Usirithishe ndoo na kiu ungali nayo."

Walicheka siku ile, wakaenda nayo makwao, na makwao wakaizoea. Senkondo alifaulu, akaenda kidato cha tano, na mama yake alipopata habari aliacha jembe shambani akasahau kabisa kulirudia.

Basi igizo lenu lichezeni, mwigeni mwalimu mkuu na mwendo wake, mimi mwenyewe nitakuja kukaa mbele nicheke. Lakini nimeona mmeanza kugawa madaftari na magodoro, na mtihani bado. Mkimaliza karatasi ya mwisho, gaweni mpaka viatu. Kabla ya hapo, wanangu, usirithishe ndoo na kiu ungali nayo.