Msimu Aliousubiri Bi Lubaba

Tumepokea kutoka kwa waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika kijiji kimoja cha mabwawa, kusini ya Baghdadi, aliishi bibi mchamungu aliyeitwa Lubaba. Alikuwa mwingi wa saumu na wa kisimamo cha usiku, na kina mama wa kijiji walimletea watoto wao wagonjwa awasomee. Pamoja na hayo, moyoni mwake palikuwa na jambo moja ambalo ibada zake zote hazikuweza kulifunika.

Bi Lubaba hakuwa na ndugu ila mmoja, mdogo wake Rumaitha, aliyeolewa Baghdadi na fundi wa kutia nguo rangi. Mama yao alipougua maradhi ya mauti, Lubaba ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Rumaitha alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Hapo, mbele ya waombolezaji wote, Lubaba akamwambia, "Umekuja kumwona nani? Wallahi, sitaikanyaga nyumba yako!" Rumaitha alijifunika shungi lake, akarudi kwa mumewe.

Miaka ilivyokwenda, hasira ya Lubaba ilipoa na majuto yakachukua nafasi yake. Alijua kwamba anayeapa kuukata udugu hana ruhusa ya kujificha nyuma ya kiapo chake. Basi akalisha maskini kumi kuwa kafara, akaazimia kwenda Baghdadi kumwomba mdogo wake radhi. Lililobaki lilikuwa kuchagua msimu.

Akawa haupiti msafara asiuulize. Wakamwambia kwamba majira ya kuchipua ni mazuri, bustani zote ni maua, ila mto hufurika na kulivunja daraja. Akaacha. Wakamwambia kwamba wakati wa baridi njia huwa matope mpaka magoti ya punda. Akaacha. Kiangazi? Wakacheka, wakasema kwamba kiangazi hata nzi wa Baghdadi hutafuta kivuli. Ulio bora, wote walikubaliana, ni msimu wa tende mpya, joto linapovunjika na hewa kuwa laini. Lakini msimu wa tende mpya ndio wa mavuno kwao pia, na kila mwaka palikuwa na tende za kuangua.

Mumewe, Mutarrifu, alikuwa mtu wa maskhara na mwenye moyo mpole. Siku moja alimwambia, "Mke wangu, hao wakazi wa Baghdadi waliingiaje huko? Walishuka na mvua?"

"Usinicheke. Nataka niende kwa wakati wake, nisije nikaharibu."

"Sikucheki. Nauliza tu kama Malaika wa mauti naye huuliza misafara habari za hali ya hewa."

Usiku ule Bi Lubaba hakulala.

Haikupita muda, katikati ya mwezi wa Tamuzi, jua likiwa kali kuliko wakati wowote wa mwaka, msafara ulileta habari kwamba homa imeingia mtaa wa watia rangi kule Baghdadi, na kwamba jeneza limekuwa likifuata jeneza. Bi Lubaba alikuwa anapepeta ngano. Aliuweka ungo chini, akasema, "Mutarrifu, mtandike punda."

Walisafiri usiku na kujificha jua mchana. Njia nzima Bi Lubaba alikuwa akiyapanga maneno yake kimoyomoyo: kwamba maradhi ya mama yalikuja ghafla, kwamba mjumbe hakupatikana, kwamba uchungu wa msiba humtoa mtu maneno asiyoyakusudia. Aliyapima moja moja, akayaona yanafaa. Siku ya mwisho hakutaka kupumzika tena, na hivyo wakaingia Baghdadi wakati wa adhuhuri.

Hawakukuta mtu. Mji waliosimuliwa kwamba watu wake husukumana mabega ulikuwa kimya. Maduka yalikuwa yameshushiwa majamvi. Katika mtaa wa watia rangi, kilichokuwa na uhai kilikuwa ni paka mmoja aliyelala chini ya kiweko cha mtungi. Waliutambua mlango wa Rumaitha kwa madoa ya nili, alama za mikono ya mumewe. Mutarrifu akabisha, akapiga hodi mara tatu. Akabisha kwa jirani wa kulia, kisha wa kushoto.

"Mtaa mzima," akasema kwa sauti ndogo. "Inna lillahi."

"Sitoki hapa," akasema Bi Lubaba.

"Jua litakuua."

"Nimekaa kwangu nikisubiri misimu yote. Nitashindwa kusubiri hapa?"

Akaketi kizingitini, akauegemeza mgongo wake ukutani. Alipokaa kwa muda, akasikia sauti. Ilitoka chini, karibu na kifundo cha mguu wake, palipokuwa na kidirisha cha kimia cha mbao. Ilikuwa sauti ya mwanamke aletaye tasbihi, akiivuta "Subhanallah" kwa namna ambayo mama yao peke yake aliwafundisha. Ilikuwa sauti ya Rumaitha, na ilitoka ndani ya ardhi.

Jueni kwamba kwao ni nchi ya mabwawa. Ukichimba kidogo tu unakuta maji, na chini ya udongo hakai ila maiti. Bi Lubaba hakuwa na shaka tena. Mdogo wake amekufa, amezikwa chini ya nyumba yake, na Mola kwa rehema zake amemwachia tasbihi kaburini. Akaanguka kifudifudi, akaweka kinywa chake kwenye kimia. Yale maneno aliyoyapima njia nzima hayakumjia hata moja, kwani marehemu hapewi visingizio.

"Rumaitha, mdogo wangu, nimekudhulumu. Mama alikuita. Siku zote za ugonjwa wake alikuita kwa jina lako, na wajumbe walikuwepo, na punda alikuwepo. Mimi ndiye niliyekataa kutuma mtu. Nilitaka dua yake ya mwisho iwe yangu peke yangu. Kisha nikakutukana mbele za watu ili pasiwe na atakayeuliza. Allah ni shahidi wangu."

Ile tasbihi ikakatika. Kisha kutoka ardhini sauti ikasema, "Aliniita?"

Mutarrifu, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumkimbia mbwa, alijikuta yuko upande wa pili wa punda.

"Mama aliniita?" Sauti ikarudia, na nyuma yake pakasikika vishindo vya miguu ikipanda ngazi. Komeo likavutwa. Akatoka Rumaitha mwenyewe, mzima, kitambaa kilicholowa maji kichwani.

"Dada! Unaongea na nani juani?"

"Na marehemu," akasema Bi Lubaba, akiwa bado amelala chini.

"Marehemu gani? Tuko kwenye sardabu, chumba cha chini. Nani akae juu adhuhuri ya Tamuzi? Mji mzima uko chini, hodi ya mlangoni haisikiki huko, utaibuka alasiri. Mume wangu alishikwa na homa, na sasa anakula kutushinda sote." Alikuwa akicheka, kisha akapiga magoti vumbini. "Miaka yote hii nilidhani hakunitaja. Nilidhani alikufa ana kinyongo nami."

"Alikutaja mpaka ulimi ukamwishia nguvu."

"Rudia."

"Alikuita. Alisema, yuko wapi kitindamimba wangu, mleteni nimwone."

"Nimekusamehe, dada. Nimekusamehe kwa Allah. Lakini rudia tena."

Wakakumbatiana wakilia pale pale, wala hakuna aliyekumbuka jua, mpaka Mutarrifu akakohoa. "Kiapo kimeshatolewa kafara, mlango uko wazi, na punda huyu hajamkosea mtu."

Wakaingia, wakashuka ngazi mpaka sardabuni, wakakuta ubaridi, na mtungi wa maji, na mgonjwa aliyepona akiuliza kuna nini cha kula. Bi Lubaba alilala humo usingizi ambao hakuwa ameulala tangu mama yake alipofariki.

Basi tutazame, ndugu zangu, jinsi Mola alivyomhurumia mja wake. Alimfungulia ukweli wakati alipodhani kwamba haumfai tena mtu, kisha akamrudishia mwenye haki yake akiwa hai. Si kila anayechelewa hurudishiwa.

Na inasemekana kwamba watu wa kijijini walipokuwa wakimwuliza Bi Lubaba ni msimu gani mwema wa kuitembelea Baghdadi, alikuwa akiwajibu kwa uaminifu, "Msimu wa tende mpya, hakika. Hewa ni laini na bei za makaazi si mbaya. Lakini ukiwa na mtu wa kumwomba radhi, nenda leo. Na ukikuta milango imefungwa, usirudi. Kaa kizingitini, wako chini."