Ndege wa Sultani na Mwaka Mrefu wa Chuo

Hapo zamani, siku ya Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, umande ungali juu ya mpunga, mpiga mbiu wa Sultani Hamdani aliingia mji wa Kitongani, akapuliza pembe na kutangaza:

"Mwaka wa chuo umerefushwa! Mapumziko ya mavuno hayapo tena. Kuanzia leo, mtoto asiachane na mwalimu wake tangu jua kuchomoza hadi kutua. Mzazi atakayevunja amri hii, shamba lake litakuwa mali ya Sultani!"

Asili ya amri hiyo ilikuwa aibu. Juzi yake Sultani alitembelewa na mgeni wa mbali, na mwana wa mgeni, mtoto wa miaka minane, akasoma bila kukwama maandishi yote ya juu ya mlango wa jumba. Mwana wa Sultani alipoambiwa naye asome, alisema wino umefutika. Na maandishi yale yalikuwa yamechongwa kwenye mbao.

Basi watu wakashika vichwa, kwa kuwa mpunga ulikuwa umeanza kutia maziwa, na desturi yao ni kwamba wakati huo chuo hufungwa, watoto wakapanda madungu, yaani vichanja vya miti katikati ya mashamba, wakawinga ndege, wakiwafukuza kwa makelele. Wakubwa wakati huo huwa mlimani wakivuna mtama.

Aliyetishika zaidi ni Mwanashehe, mjane asiye na kitu ila jaruba moja la mpunga na binti mmoja, Mize. Mchana kutwa aliwatwangia watu nafaka apate chakula cha jioni, na mpunga ule ukiliwa na ndege, mwaka mzima wangelala njaa. Watu walimwita punguani, kwa sababu alizoea kubishana na kuku wake, na mara nyingine akakubali kushindwa.

"Rudia amri," akamwambia mpiga mbiu.

"Mama, mimi si kasuku."

"Rudia, baba. Watoto wasiachane na nani?"

"Na mwalimu wao!"

"Ahsante. Na mwalimu naye asitoke wapi?"

"Mwalimu hakutajwa," akasema mpiga mbiu, akaenda zake.

Basi Mwanashehe akaenda kwa Mwalimu Faki, mzee mnene mwenye miguu mibovu, ambaye wazazi humlipa kwa mpunga.

"Mwalimu, ndege watakula ujira wako."

Mzee akafikiri kidogo. "Simfungulii mtoto yeyote, naogopa. Na mimi kutembea siwezi."

"Hakuna atakayekuomba utembee."

Ikawa wanawake wanne wakamnyanyua pamoja na kitanda chake, wakampeleka bondeni, huku akilalamika, "Polepole, wanangu, hamkubeba gunia!" Wakamweka juu ya tuta katikati ya mashamba, na watoto wote wakamfuata na mbao zao za kuandikia.

Nanyi mwajua watoto wa chuo husomaje: kila mmoja hutaja somo lake kwa sauti kubwa kumshinda mwenziwe, mwalimu asije akadhani amelala. Basi wakaanza, "Alifu! Be! Te!" Bonde likavuma, na ndege wakaruka kundi zima kutafuta mahali penye utulivu. Mahali hapo pakawa shamba la Sultani, kwa maana watoto waliokuwa wakimlindia yeye nao walikuwa chuoni, kwa amri yake mwenyewe.

Siku ya tatu Sultani akaja bondeni, uso umemwiva, akamkuta Mwanashehe kando ya kitanda cha mwalimu.

"Wewe mwanamke! Nani kakuruhusu kuvunja amri yangu?"

"Maulana, watazame watoto. Yupo aliyeachana na mwalimu?"

Sultani akatazama. Hakuwapo. Hata mwanawe alikuwa ameketi miguuni pa kitanda, akipiga kelele kuliko wote.

"Hawa wanafukuza ndege!"

"Wanasoma, Maulana. Ndege ndio hawapendi elimu."

"Ndege wenyewe wamehamia kwangu! Wapeleke watoto hawa shambani kwangu sasa hivi."

"Wamwache mwalimu? Tutanyang'anywa mashamba, Maulana."

"Basi mbebeni na mwalimu!"

"Tutambeba. Lakini akifika kwako, ndege watarudi kwetu, nasi kesho tutambeba tena kuja huku. Mzee huyu atatufia njiani, na mwaka wa chuo utakuwa mfupi kuliko yote."

Mwalimu Faki akakohoa. "Kweli tupu, Maulana."

Sultani akajaribu kukasirika, akashindwa. Akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Akaamuru mapumziko yarudi kama zamani hadi mpunga uvunwe, na Mwanashehe apewe mtama wa kumtosha siku zote hizo, asiwe na haja ya kuwatwangia watu.

Asubuhi iliyofuata, Mwanashehe akamwamsha Mize aende kuwinga ndege. Mize akaukumbatia ubao wake, machozi yakamtoka.

"Mama, ndiyo kwanza nimeanza kuunganisha herufi. Nikikaa mpaka mavuno nitazisahau zote."

Mwanashehe akaduwaa, kwani jambo hilo hakuwa amelifikiria hata kidogo. Akamshika mkono, akampeleka kwa Mwalimu Faki, akambembeleza mzee mpaka akakubali kumsomesha peke yake. Kisha akaenda bondeni, akapanda dungu mwenyewe, akavuta pumzi, akapiga ukelele: "Alifu! Be! Te!" Hapo akakwama, hakujua inayofuata ni ipi, akaanza tena tangu mwanzo, na ndege wakaruka.