Kikapu cha Tembo Hakikurudi Kitupu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa jiwe. Na juu ya jiwe?

Pakawa mtu.

Mtu gani? Pimbi, mzee mfupi wa maneno mengi. Sogeeni basi, mlio nyuma, niwape habari zake.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya vilima, Pimbi alikuwa msemaji wa wanyama wadogo. Kila alfajiri alivua shuka, akakaa uchi juu ya jiwe, akapigwa na upepo. Akajiuliza, "Leo nitatenda jema gani?" Magharibi akakaa tena, akajiuliza, "Leo nimetenda jema gani?" Ndiyo desturi yake, jua au mvua.

Wenzake walimzoea. Nyegere, mrina asali, hakumzoea. Alipita akisema, "Mzee mzima kajianika kama dagaa."

Pimbi akamjibu, "Heri mimi naanika mwili. Wewe waanika ulimi."

Watu wakacheka, na Nyegere akanuna tangu siku hiyo.

Basi nchi ile ilikuwa na chemchemi moja tu. Tembo, aliyekaa ng'ambo ya bonde, akasema ni yake. Kila mwezi ukiandama alileta kikapu kikubwa. "Kijazeni, ndipo mnywe." Wakajaza mtama. Wakajaza viazi. Wakajaza ndizi. Ukaja ukame, mashamba yakakauka, na kikapu kikaja vilevile.

Tembo akasema, "Mwezi ukipevuka nakuja kukichukua. Nikikikuta kitupu, chemchemi naikanyaga iwe tope."

Watoto walikwisha kuanza kulia kiu. Pimbi akakaa jiweni, akawaza, akashuka.

"Tembo anaogopa nyuki," akamwambia mkewe. "Na awezaye kubeba nyuki ni Nyegere peke yake."

"Nyegere hakupendi, baba watoto. Mpelekee zawadi."

"Zawadi ataitupa. Nitakwenda kumwomba kitu."

Akaenda. "Hodi, jirani. Niazime kile kibuyu chako."

"Kaanike mwili," Nyegere akasema. Pimbi akarudi.

Akaenda tena. "Hodi, jirani. Niazime kibuyu. Vilima vyote hivi hakuna kingine kizuri kama hicho."

"Hilo kweli," Nyegere akasema, akafunga mlango. Pimbi akarudi.

Akaenda mara ya tatu. "Hodi, jirani. Siku ile niliwafanya watu wakucheke. Nilikosa. Niazime kibuyu."

Nyegere akamtazama sana. Akampa. "Usikivunje."

Sasa sikilizeni. Kwa watu wale, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, ni aibu. Na Pimbi hakuwa na chakula. Akahangaika miambani kutwa nzima, akapata makuyu matatu, akayatia yote kibuyuni, yeye akalala njaa.

Kibuyu kiliporudi, Nyegere akakifungua, akayahesabu yale makuyu. Ni kazi ngumu kumchukia mtu uliyemfaa, tena akakukumbuka wakati wa njaa. Akasema, "Jirani, shida yako hasa ni nini?"

Pimbi akamweleza. Nyegere akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaenda porini, akateremsha mzinga mzima na nyuki wake, akautia kikapuni, akaufunika kwa majani.

Mwezi ukapevuka. Tembo akaja. "Kimejaa?"

"Kimejaa, bwana mkubwa," Pimbi akasema. "Sisi hatuna tabia ya kurudisha chombo kitupu. Tia mkonga uonje."

Akatia mkonga. Lo! Nyuki puani, nyuki machoni, nyuki masikioni. Tembo akavuka bonde, akavuka mto, akavuka mlima, kikapu kinamning'inia mkongani, naye analia, "Chemchemi yenu! Chukueni, chemchemi yenu!" Hajarudi hata leo.

Wakanywa watoto, wakanywa mama zao, wakanywa wazee. Pimbi akabebwa juu, Nyegere akabebwa juu, ngoma zikalia mpaka vumbi likawafunika. Kesho yake alfajiri Pimbi alipofika jiweni, alimkuta Nyegere amekwisha kukaa, shuka kando, anatetemeka.

"Jirani," Nyegere akasema, "baridi hii unaivumiliaje? Na lile swali linaulizwaje?"

Hadithi yangu naitua hapa. Tamu yake nendeni nayo, chachu yake niachieni. Akununiaye usimpe kitu kwanza. Mwombe akufae, kisha usisahau kumrudishia.

Na bakuli hili nililonywea uji si langu, nimeliazima kwa jirani. Nani ana muhogo nitie ndani?