Taarifa Zangu na za Familia Yangu

Wapendwa, somo la leo mmelisikia likisomwa, sitalirudia. Kaeni vizuri niwape habari za bwana mmoja aliyekuwa na kazi ya ajabu kidogo. Kazi yake ilikuwa kutafuta koo za watu.

Bwana huyu alikuwa karani wa masijala ya mahakama kwa miaka mingi, na hata alipostaafu watu waliendelea kumwita Karani. Akapanga chumba ghorofani, juu ya duka la pembejeo, akaandika mlangoni kwamba anatafuta historia za familia. Mwanzoni watu walimcheka. Walisema mtu asiyemjua babu yake aende akamuulize shangazi yake, ofisi ya nini? Lakini mnajua mambo yalivyo siku hizi. Mashangazi wanaondoka, waliobaki wanasahau, vijana wanachumbiana huko vyuoni, na wazee wanataka kuhakikisha kwamba wanaotaka kuoana si ndugu. Wateja wakaanza kupanda ngazi. Karani alisoma vitabu vya ubatizo, alifunua madaftari ya zahanati za zamani, alikaa na vikongwe akisikiliza habari ile ile mara tatu, na baada ya miezi michache alikukabidhi ukoo wako umechorwa kuanzia babu wa babu.

Alichojivunia kuliko vyote kilikuwa kutunza siri. Alihudhuria semina ya kulinda taarifa za watu, na cheti chake alikitundika ukutani. Alikuwa na kabati la chuma lenye kufuli mbili. Kompyuta yake ilikuwa na nywila ambayo hata yeye alikuwa akiisahau. Nyumbani mkewe akimuuliza, "Leo alikuja nani?" alijibu, "Mtu." "Mwanamume au mwanamke?" "Mtu." Mama wa watu akachoka kuuliza.

Tena alikuwa na fomu. Kila mteja alitia sahihi chini ya maneno haya: nakubali taarifa zangu na za familia yangu zitafutwe, zihifadhiwe na zitumike kwa kazi niliyoagiza. Karani aliitunga mwenyewe akiwa na kamusi ya sheria mezani, na aliiona haina kasoro. Nanyi mmeisikia. Kuna aliyeona kasoro? Basi tuendelee.

Siku moja alikuja mwalimu mmoja. Ukoo wao ulikuwa na desturi ya kukutana kila baada ya miaka mitano, Desemba, nyumbani kwa babu yao, na safari hii Mwalimu alikuwa katibu. Alitaka kitabu cha ukoo, nakala arobaini, kila kaya ipate yake. Akatia sahihi kwenye fomu. Kisha akashusha sauti, akasema kuna jambo marehemu baba yake alimwambia. Baba yake alikuwa na mdogo wa mwisho, kitindamimba wa nyumba ile. Huyo kitindamimba hakuzaliwa na bibi. Alizaliwa na shangazi yake Mwalimu, binti wa nyumba hiyo hiyo, akiwa bado msichana. Bibi akamchukua mtoto akasema ni wake, na shangazi akawa dada wa mwanawe mwenyewe.

"Liingie kitabuni?" Karani akauliza.

"Liingie, mzee. Mimi nafundisha historia. Siwezi kuwaachia watoto wetu kitabu cha uongo."

Karani akafanya kazi yake, na aliifanya vizuri. Alisafiri mpaka zahanati moja ya misheni ng'ambo ya mto, akakaa na madaftari yaliyoliwa na mchwa kwa siku mbili, na siku ya tatu akalipata jina la shangazi, umri miaka kumi na saba, mtoto wa kiume. Alifurahi sana. Alirudi akaandika, ukurasa wa ishirini na tatu, mstari mmoja tu: fulani, mama mzazi wa fulani. Mwalimu akasoma, akaridhika, akatia sahihi tena. Vitabu vikapelekwa kuchapwa.

Sasa vitabu vimerudi, vimo ndani ya boksi pale ofisini, imebaki wiki moja ukoo ukutane. Mlango ukagongwa. Akaingia mama mmoja mtu mzima, kitenge safi, mkoba kwapani, anahema kwa ajili ya ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika kitabu cha ukoo wetu?"

"Mama, mimi siruhusiwi kusema nimeandika cha nani."

"Basi nitasema mimi. Mtoto wa kaka yangu ni mwalimu. Juzi alikuja kunisalimia, akaniuliza kama naikumbuka zahanati ya misheni, ile ya ng'ambo ya mto. Kwa miaka arobaini na tisa hakuna mtu aliyenitajia zahanati ile. Nataka nione umeniandika nini."

Karani akagusa ufunguo uliokuwa mfukoni mwake. Alijua sawasawa la kujibu, semina ilimfundisha. "Mama, faili ni la mteja. Bila ruhusa yake siwezi kulifungua kwa mtu mwingine."

"Mtu mwingine ni nani?"

"Ni mtu yeyote ambaye si mteja."

"Na aliyejifungua humo ndani ya faili ni nani?"

Wapendwa, mngekuwa ninyi mngejibu nini? Amelilinda faili lile kwa chuma na kufuli mbili, asiye na haki asilione, na wa kwanza kuzuiwa mlangoni ni mwenye habari yenyewe. Ilimchanganya. Akatafuta ile fomu, akamwonyesha, akasema kwamba mteja alikubali, tazama, ametia sahihi.

Yule mama alivaa miwani akasoma polepole. "Hapa amekubali yeye," akasema. "Mimi nimekubali wapi?"

"Imeandikwa, na za familia yangu."

"Naona. Ndiyo maana nauliza." Akavua miwani. "Ndugu yangu, nisikilize. Nilikuwa mtoto. Mama yangu aliniambia, huyu ni wangu, wewe ni dada yake, na ukisema vinginevyo utamharibia maisha yake na yako. Nimemlea kwa jina la dada. Siku moja nitamwambia. Nilijaribu mwaka juzi nikashindwa, mdomo ulikuwa mzito. Lakini neno hilo ni langu mimi kumwambia. Nakuomba usinisemee."

Akashuka ngazi zake taratibu.

Karani akampigia Mwalimu simu, akamweleza. Mwalimu hakukasirika, na hilo lilimchanganya Karani zaidi. Alisema kwa upole kabisa, "Mzee, shangazi nampenda. Lakini baba mdogo naye je? Ana miaka arobaini na tisa. Hana haki ya kumjua mama yake? Ukiufuta mstari ule, unakuwa umemficha yeye taarifa zake."

Eh. Karani hakuwa amelifikiria hilo. Mama ana haki ya kunyamaza, mwana ana haki ya kujua, mteja ana haki ya kitabu alichoagiza, na wote watatu wamo ndani ya kabati moja. Alipekua makaratasi ya semina mpaka ukurasa wa mwisho, hakuona pa kushika. Nyumbani akajaribu kumuuliza mkewe kwa kuzunguka: "Hivi mtu akiwa na jambo lake, na jambo lile lile likawa la mtu mwingine, utalikabidhi kwa nani?"

"Mtu gani?"

"Mtu."

"Basi mwambie huyo mtu ale alale," mkewe akasema. Alikuwa na hasira zake za miaka mingi, na alikuwa na haki nazo.

Mngeniuliza mimi mchungaji wenu, nami ningekuwa nimechanganyikiwa vile vile. Lakini kulikuwa na kitu kimoja Karani angeweza kufanya. Angeweza kumchukua Mwalimu kwa mkono, waende kwa yule mama, wakae chini, wazungumze. Wiki nzima alikuwa nayo. Kwa nini hakwenda? Aliona aibu. Ilikuwa rahisi kushughulika na karatasi kuliko kuketi mbele ya mama yule mara ya pili.

Akaamua kumridhisha kila mmoja. Akakata vipande vya karatasi nyeupe, vyembamba, urefu wa mstari. Akafungua nakala zote arobaini, ukurasa wa ishirini na tatu, akapaka gundi na kubandika juu ya ule mstari. Hakuufuta, kwa hiyo mteja hajanyimwa. Hausomeki, kwa hiyo mama amesitirika. Siku mbili alibandika, na alipomaliza alijisikia mwepesi moyoni. Mwalimu akaja na gari, akachukua boksi bila kulifungua.

Siku ya mkutano Karani alialikwa. Turubai zimefungwa, watu wamevaa fulana za ukoo za kijani, pilau limeiva. Vitabu vikagawiwa. Nanyi mnajua mtu akipewa kitabu cha ukoo anafanya nini. Anatafuta jina lake, anatafuta picha yake, analalamika kwamba imetoka mbaya, anakiweka chini anaenda kula. Nani angefika ukurasa wa ishirini na tatu siku ile? Labda wawili, na huenda wangepita bila kusimama. Lakini mtoto wa mtu aliona karatasi imebandikwa juu ya karatasi. Akamwonyesha jirani yake. Jirani naye akafunua cha kwake, akakuta vile vile. Kuna binadamu anayeweza kuacha? Huyu anakwangua kwa kucha, yule analowesha kwa mate, na wengi waligundua kwamba ukiuinua ukurasa ule juani, mstari unasomeka bila taabu. Karani alikuwa meza kuu, sahani mkononi. Alitazama akaona kitabu kimoja kimeinuliwa juu, kisha vitano, kisha uwanja mzima umeinua vitabu na kukodoa macho.

Yule mama alikuwa amekaa katikati ya wanawake wenzake. Kitabu chake alikifunga mapajani, akainamisha kichwa.

Na kitindamimba? Alikuwa jikoni kwa wapakuaji. Mtu akampelekea kitabu. Akasoma, akakifunga, akaja meza kuu. Hakupaza sauti. Waliosikia ni wachache.

"Mwalimu, hili nalijua tangu nina miaka kumi na tisa. Babu yako aliniambia kabla hajafa."

Mwalimu akakifunga kitabu chake.

"Nilikuwa namngoja yeye. Kila nikienda kumsalimia nakaa mpaka jioni, nadhani leo atasema. Sikumwuliza, kwa sababu nilitaka aseme kwa kupenda kwake. Miaka thelathini nimemngoja." Akamgeukia Karani. "Sasa mzee, leo akiniita mwanangu, nitajuaje kama amependa, au ni kwa sababu ninyi mmeandika?"

Karani alikuwa na jibu lililozoea ulimi wake, kwamba mteja alitia sahihi. Safari hii alilimeza, akaweka sahani chini.

Kitindamimba akaenda kwa wanawake, akachuchumaa mbele ya yule mama. Uwanja wote ukatega sikio kusikia atamwitaje. Akasema, "Dada, twende nikupeleke nyumbani." Akamshika mkono wakaondoka. Hata baada ya yote yale, alimwachia neno lake.

Kama yule mama baadaye alimwambia, mimi sijui.

Ndugu zangu, tusimcheke Karani. Sisi kabati hatuna, fomu hatuna, lakini habari za watu tunazo tele. Tunakutana kwenye jumuiya tunasema, tumwombee dada yetu fulani, mnajua lililompata, na asiyejua anajulishwa hapo hapo, kabla ya amina. Tunasimama kutoa ushuhuda wa jinsi Mungu alivyotutoa mbali, na humo ndani ya ushuhuda wangu yumo mume wangu, yumo mama mkwe, yumo mtoto wangu na matokeo yake ya hospitali. Nani kati yao alitia sahihi? Tunasema, ni ukweli, sijamsingizia mtu. Nani amesema ni uongo? Mstari wa Karani ulikuwa ukweli mtupu. Na tukisutwa tunafanya kama yeye, hatutaji jina, tunasema mtu mmoja hapa mtaani, mwenye duka, ana watoto watatu, sitamtaja. Watu wanauinua ukurasa juani wanasoma.

Mtaniambia kuna siri zinazodhuru, lazima zisemwe. Ni kweli, na mtoto akiumizwa usinyamaze hata siku moja. Nyingine ni ngumu kama hii, na sina kanuni ya kuwapa. Najua tu kwamba kabla ya kusema habari ya mtu kuna njia ya kwenda mlangoni kwake, na kwamba mara nyingi hatuendi kwa sababu tunaona aibu.

Nalijua vizuri, kwa sababu Karani ni mimi. Mwezi wa tatu nilisimama kwenye mimbari hii nikawapa mfano wa mtu mmoja na ndoa yake. Nilibadilisha kijiji, nikabadilisha idadi ya watoto, mkacheka, mkasema mahubiri yamegusa. Mwenye habari alikuwa amekaa humu ndani. Alikuwa amenieleza mimi peke yangu, ofisini, mlango umefungwa, na hajarudi kunieleza kitu tena. Ndiyo maana habari ya leo nimeitunga yote kutoka kichwani, haina mwenyewe.

Naona shingo zinaanza kugeuka. Tafadhali, tazameni huku mbele.

Wiki hii nilikwenda nyumbani kwake, nikakaa, nikaomba msamaha. Alichonijibu ni chake, akitaka atawaambia. Sasa tusimame tuombe, na leo kila mtu aombee habari zake mwenyewe.