Mwandishi na Mchezaji wa Mstari Mmoja

Siku ile ya kusoma sehemu mpya ya tamthilia walikuwapo watu watano. Ndani ya chumba walikaa Bi Mbwambo, mwongozaji wa tamthilia. Kitwana, mchezaji mkuu. Mama Koku, mpika chai. Na Ndimbo, aliyeiandika hadithi. Nje ya mlango, kwenye benchi, alikaa Tabu, aliyecheza mfanyakazi wa ndani.

Ndimbo alikuwa na sura inayojulikana na jina lisilojulikana. Kwa miaka kumi na tisa aliigiza kwenye televisheni: leo mlinzi, kesho dereva, keshokutwa daktari anayeleta habari mbaya kisha haonekani tena. Sokoni watu walimsimamisha, wakamwambia, “Wewe nimekuona mahali,” wasikumbuke ni wapi.

Kazini desturi ilikuwa moja. Wachezaji wakubwa walipewa hadithi nzima. Wadogo walipewa karatasi yenye mistari yao tu, wakasubiri nje mpaka waitwe, wakaingia, wakasema, wakatoka. Ndimbo alizoea kukisia yaliyobaki, na katika kukisia huko akajifunza kutunga.

Goti lilipoharibika asiweze tena kusimama mbele ya kamera, Bi Mbwambo alimwonea huruma, akampa sehemu moja ya tamthilia aiandike. Ikifaa, angeajiriwa kuwa mwandishi. Isipofaa, angerudi kwa mkewe na watoto watatu bila kazi yoyote.

Aliiandika kwa wiki tatu. Siku ya kuisoma aligawa karatasi kama alivyokuwa akigawiwa yeye. Bi Mbwambo na Kitwana walipata hadithi nzima. Tabu alipata kipande chenye maneno mawili: “Karibu chai.” Ndimbo hakuona ubaya. Alifanya alivyofanyiwa.

Walisoma vizuri mpaka pale tajiri, aliyechezwa na Kitwana, anapoambiwa kwamba mwanawe amefia ugenini. Kitwana aliomboleza kwa maneno mengi mazuri, kisha akainamisha kichwa mezani. Tabu akaitwa. Akaingia na kikombe, akachangamka kama mtu wa hotelini: “Karibu chai!”

Kitwana alijitahidi, lakini kicheko kilimtoka. Wakarudia. Wakarudia tena. Kila mara huzuni ilifia palepale. Bi Mbwambo akafunga karatasi zake polepole, na Ndimbo akajua maana yake.

Tabu alikuwa bado amesimama na kikombe.

“Kaka Ndimbo, niulize tu, msinicheke,” alisema. “Huyu bosi kainama hivi, amelewa, ana usingizi, au amefiwa? Maana mfiwa hakaribishwi chai hivyo.”

Ndimbo akageuka kutazama mlangoni. Benchi lile la nje alikuwa amelikalia miaka kumi na tisa, na siku aliyopewa kiti ndani ya chumba, jambo la kwanza alilofanya ni kumweka mwenzake pale.

Kitwana alivuta kiti, akamketisha Tabu, akamsogezea karatasi zake mwenyewe. Mama Koku akammiminia chai. Wakamngoja, naye akasoma yote tangu mwanzo huku midomo ikimchezacheza. Alipomaliza alijifuta macho kwa pindo la kanga, akachukua kikombe, akatoka.

Safari hii aliingia kimya. Aliweka kikombe mezani, akakitazama, kisha akakisogeza mbali kidogo na kiwiko cha yule anayelia, asije akamwagikiwa. Akasimama kando yake. Kitwana mwenyewe akayaacha maneno yake yaliyofuata, kwa maana hayakuhitajika tena.

Bi Mbwambo alifungua karatasi, akachukua kalamu, akaufuta ule mstari wa Tabu.

“Sasa inafaa,” alisema. “Jumatatu uje uanze kazi, Ndimbo.”

Ndimbo akashusha pumzi. Mabega yakamlegea, akatabasamu kama mtoto, na ndipo alipogundua kwamba chai yake imepoa naye hajaionja. Mama Koku aliichukua bila kuombwa, akamletea nyingine ya moto.

Nasi tunaowapa watu wa nyumbani mwetu kipande tu cha mambo yetu, kisha tukawalaumu kwa kutotuelewa, ni nani tuliyemwacha nje kwenye benchi?

Sehemu ile ilionyeshwa mwezi wa Machi, na baada yake Ndimbo aliandika nyingine arobaini.