Kawa la Semeni

Sogeeni, na mwenye karanga mdomoni ameze kwanza, maana mwishoni nitawauliza.

Hospitali moja ya wilaya ilikuwa na watu watatu. Bi Mwantumu, mfagiaji wa wodi, alijaliwa jicho. Nesi Elinami alijaliwa miguu isiyochoka kufuatilia jambo. Bwana Kizito, mtaalamu wa dawa ya usingizi, alijaliwa sauti ya kumtuliza hata mbuzi wa sikukuu.

Akalazwa pale Semeni, mtoto wa miaka tisa mwenye selimundu, ugonjwa wa damu, tangu kuzaliwa. Safari hii mfupa wa mguu ulitunga usaha. Usiposafishwa, mguu ungekatwa. Lakini Semeni aliwahi kusafishwa kidonda akiwa macho, naye aliapa hawamgusi tena.

Kila asubuhi daktari alipita.

"Shikamoo," alianza Semeni.

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Vizuri."

Kwao alifunzwa hivyo: salamu hujibiwa kwa neno jema, shida hufuata. Daktari hakuingoja hiyo shida. Akaandika kwamba mtoto haumwi, akaenda zake.

Semeni alikuwa akisuka ukili wa kushonea kawa la kufunikia chakula. Siku ya tatu Bi Mwantumu, akipiga deki, aliuona ukili umeishia palepale pa jana. Akaegemeza fagio.

"Mjukuu wangu, salamu tumeshamaliza. Sasa niambie shida."

Semeni alilia, akasema jinsi mguu unavyomuuma. Bi Mwantumu akaiacha ndoo katikati ya wodi, akamfuata nesi.

Nesi Elinami alikuta mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, imekwisha, na karatasi ya kuombea nyingine haina sahihi. Mwingine angesema njoo kesho. Yeye aliitafuta sahihi ofisi kwa ofisi, hadi kantini, akamkuta mganga mkuu na chapati mkononi. Akasaini hivyo hivyo. Jioni Semeni alipewa dawa kwa kipimo chake, na baada ya siku tatu za kususa chakula, akaomba uji.

Hofu ya kisu ilibaki. Siku ya upasuaji alikataa kupanda kitanda cha magurudumu. Bwana Kizito akachuchumaa.

"Nikiamka katikati?"

"Huamki. Sibanduki kichwani pako, hata kwenda kunywa maji."

"Na baadaye ikiuma?"

"Nitakuwapo, na dawa ninayo. Hebu nihesabie mizunguko ya kawa lako."

Alifika wa saba, usingizi ukamchukua. Alipofumbua macho, uso wa kwanza aliouona ulikuwa wa Kizito, midomo imemkauka kwa kiu.

Mguu ulipona. Kawa nalo likakamilika, moja tu, na kesho yake Semeni alikuwa anarudi kwao. Akawaita wote watatu, amzawadie kawa aliyemsaidia zaidi.

"Mpe Bi Mwantumu," alisema nesi. "Bila jicho lake nisingejua."

"Ningejua mimi, halafu? Ningeutibu mguu kwa fagio?" alijibu Bi Mwantumu.

Kizito alicheka. "Mimi nililaza tu. Aliyekubali kusema anaumwa ni Semeni. Abaki na kawa lake."

Semeni alilikumbatia kawa, akawatazama mmoja mmoja. Alikuwa na furaha tele, ila hakujua ampe nani.

Haya, karanga mmeshameza. Je, wewe ungeamua vipi?